Nimemdanganya Mke Wangu Kuhusu Jiwe Nililolikata Mwenyewe

Mpendwa mshauri,

Kabla ya kuomba msaada naomba radhi. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuandikia kuhusu kaka yangu, ambaye tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya ukuta wa uani, ukanijibu katika ukurasa huu huu kwamba nivae viatu nimtembelee siku hiyo hiyo bila kubeba masharti, nami nikaahidi kukuarifu matokeo. Sikukuarifu. Nilikwenda, tukapatana, ukuta ukabaki ulipo, na alipofariki miaka minne baadaye mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kando ya kitanda chake nimemshikia glasi ya maji. Ulistahili kuyajua hayo mapema. Mtu aliyewafokea wengine maisha yake yote kwa kuchelewesha ripoti hana udhuru wa kuchelewesha yake, kwa hiyo sitoi udhuru wowote.

Sasa nina jambo lingine, na hili sijamwambia mtu yeyote.

Kwa miaka thelathini na minane kazi yangu ilikuwa kukagua ukataji wa almasi. Rangi ya jiwe na usafi wake vilikaguliwa na wenzangu wa meza nyingine. Mimi nilitazama jinsi nyuso zake zilivyokatwa, yaani kama mwanga unaoingia kwa juu unageuzwa ndani ya jiwe na kurudi juu kwenye jicho la mtazamaji, au kama unapenya chini na kupotea kama maji katika ndoo iliyotoboka. Nilitumia vifaa vitatu. Cha kwanza ni lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi, cha pili ni mizani ya pembe, na cha tatu, ambacho ndicho kilichoniletea balaa hili, ni kikopo kirefu kama kidole gumba, chekundu ndani, chenye lenzi juu, ambacho karakana nzima hukiita jicho jekundu. Ukiliweka jiwe juu ya taa ukalitazama kwa kikopo hicho, palipo na wekundu ndipo mwanga unaporudi, palipo na weupe ndipo unapovuja, na katikati ya wekundu huo, kama mkataji alikuwa na mkono mtulivu, utaona mishale minane myeusi, yote sawa kwa urefu na unene, imejipanga kama mshale wa saa umechorwa mara nane. Jiwe hufika mezani kwangu likiwa limechemshwa, kavu, bila pete, bila historia. Ninalitazama, ninaandika nusu ukurasa, linaondoka.

Katika nusu kurasa hizo zote sikupata kuandika neno "zuri". Niliwakataza hata wanafunzi wangu. Niliwaambia kwamba zuri si kipimo, ni neno la mtu asiyetazama au asiyetaka kusema alichokiona. Ndiyo maana wakanipa jina la Mzee Kipimo, nami sikulikataa.

Mshauri, mke wangu amevaa pete moja tangu tuoane, miaka arobaini na miwili sasa, na jiwe lililomo nililikata mimi nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Bwana mkubwa wa karakana alinipa kipande chenye unjano ambacho hakuna aliyekitaka, nikakisaga kwenye gurudumu la kukatia saa za chakula cha mchana kwa wiki saba, na nilikuwa nikienda polepole kama inavyopasa, hadi siku ya Ijumaa ya wiki hiyo ya saba msichana niliyekuwa nikimkusudia aliponiambia kwamba Jumatatu saa nne anasafiri kwenda kusomea uuguzi, miaka mitatu, mji wa mbali. Nyuso mbili za mwisho za upande wa chini nilizikata asubuhi moja, Jumatatu hiyo hiyo, nikakimbia kumpa jiwe kabla hajaondoka, mafuta ya gurudumu bado mikononi. Wakati ule jicho jekundu lilikuwa bado halijafika kwetu. Lilipofika, miaka mingi baadaye, nilitazama maelfu ya mawe ya watu nisiowajua, na la mke wangu sikulitazama hata siku moja. Nilijiambia kwamba sina nafasi.

Mwezi uliopita, mjukuu wetu wa kwanza alipotuletea habari kwamba amechumbiwa, mke wangu alivua pete mezani jikoni, akaisukuma mbele yangu, akasema, "Nataka kumpa huyu mtoto. Lakini kwanza liangalie kama unavyoyaangalia ya watu."

Nikamwambia, "Ya nini? Miaka yote hii."

"Ndiyo hiyo miaka yote. Hujaliangalia."

Kikopo kilikuwa katika mfuko wa koti, kwa sababu siku mbili kwa wiki bado naenda karakana kufundisha. Niliufuta uso wa juu wa jiwe kwa kitambaa cha miwani, nikaishikilia pete mbele ya taa ya jikoni, nikatazama. Katikati, chini ya uso wa juu, palikuwa na doa jeupe pana kama shimo. Mwanga ulikuwa ukivuja hapo kana kwamba hakuna aliyewahi kuuzuia. Na mishale miwili kati ya minane ilikuwa imepinda. Kama jiwe hilo lingeletwa na mwanafunzi wangu, ningelirudisha kwenye gurudumu kabla hajakaa.

Alikuwa amesimama na taulo la vyombo begani, ananingoja. Akauliza, "Umeonaje?"

Nikasema, "Zuri."

"Zuri?"

"Ndiyo. Zuri."

Akasema, "Haya," akaichukua pete, asiivae, akaiweka katika kopo la vifungo.

Sharti ujue kwamba mwandiko wangu ni kama kuku amepekua karatasi, na kwa miaka tisa ya mwanzo, kabla karakana haijanunua taipureta, ni mke wangu aliyekuwa akizinakili ripoti zangu kwa mkono wake baada ya kazi zake. Amenakili nusu kurasa nyingi kuliko mwanafunzi yeyote. Anajua ninavyoandika kuhusu jiwe linalostahili na lisilostahili, na anajua neno gani sijawahi kulitumia. Nilipolitamka tu niliona usoni mwake kwamba amelitambua.

Hanuni. Angenuna ningeshukuru, kwa sababu kununa kwake nakujua na dawa yake naijua. Amekuwa na adabu, mshauri. Ananiuliza kama nitapenda chai. Zamani alikuwa akiniita Kipimo, kwa utani, na wakati mwingine kwa hasira. Sasa ananiita Mzee, kama mtu aliyefikia nyumbani kwa wenyeji wema. Kidole chake kina alama nyeupe pale pete ilipokuwa, nami huiona kila anaponipa kikombe.

Nimefanya jambo la pili ambalo naona haya kulisema. Yupo mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ndiye msimamizi wa karakana, jina lake la kazini ni Mkono Mwepesi, na kwa kweli hakuna mkono kama wake. Nilimwambia nina jiwe la jamaa, limekatwa ovyo. Akasema, "Lilete, Mwalimu. Siku nne tu. Litapungua robo hivi, lakini litawaka." Nikamuuliza kama mwenyewe ataweza kulitambua. Akacheka, akasema, "Kwani mwenyewe hajui kama linakatwa?" Nikajibu, "Anajua." Huo ukawa uongo wa pili.

Mke wangu anakwenda kwa dada yake Jumamosi ya wiki ijayo, atakaa siku sita. Kopo la vifungo lipo rafu ya pili. Ninaweza kulitoa jiwe, likakatwa upya, vikucha vya pete vikakazwa, likarudi mahali pake kabla hajashuka garini, na siku atakapolitazama, neno nililomwambia litakuwa la kweli. Ninalitaka jambo hilo sana, na ninaliogopa, na kila nikijaribu kuandika hoja za pande mbili kama nilivyozoea, naona hoja zote ni zangu na hakuna hata moja iliyo yake. Sisumbuliwi na thamani ya jiwe. Nasumbuliwa na kwamba mwanamke huyu amenivumilia miaka arobaini na miwili nikiwapima watu wote waliomzunguka, akaniomba nimpimie kitu chake kimoja, nami nikakwepa.

Je, nilikate kwa siri au nimwambie kwamba nilichomvisha kimekuwa kikivuja mwanga tangu siku ya kwanza? Nijibu kwa ukali kama ulivyofanya mara ile. Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii naahidi kwa dhati.

Mzee Kipimo


MSHAURI ANAJIBU

Mzee Kipimo,

Radhi nimeipokea, na habari ya kaka yako imenifuta machozi niliyokuwa siyajui. Asante kwa kunishikia glasi ile hadi leo. Umeomba ukali, basi nisikucheleweshe.

Usilikate. Si kwa siri, si Jumamosi ijayo, si kwa mkono mwepesi wala mzito. Jiwe hilo si lako. Ulilitoa mwenyewe, Jumatatu saa nne, na tangu hapo lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, yuko jikoni, anakuuliza kama utapenda chai. Unataka kuubadilisha ushahidi ili ufanane na maneno yako. Kama mwanafunzi wako angefanya hivyo ungemfukuza, halafu ungemwandikia nusu ukurasa wa sababu.

Mimi sijui almasi. Pete yangu ni ya fedha na haina jiwe. Lakini najua vyombo, na kuna jambo katika barua yako limenifanya niisome mara tatu. Umesema mawe ya kazini hufika mezani kwako yakiwa yamechemshwa. La mke wako lilichemshwa lini, mzee wangu? Mama huyu amelikandia unga, amelifulia, amewapaka nalo watoto mafuta na baada ya watoto wajukuu. Wewe ukapangusa uso wa juu kwa kitambaa cha miwani! Na huo upande wa chini, unaosema ndio unaogeuza mwanga, nani aliufikia kwa miaka arobaini na miwili? Glasi yenye mafuta kwa nyuma haing'ari hata ukiisugua mbele mpaka mkono ukuume. Huenda nakosea, na ile mishale iliyopinda sidhani kama sabuni itainyoosha. Lakini wewe, bingwa wa mabingwa, umelihukumu jiwe chafu kwa kifaa kimoja, chini ya taa ya jikoni, na vingine viwili ukaviacha karakana. Mawe ya wageni hukuyafanyia hivyo hata mara moja. Uliogopa ulichokuja kukiona, ukakimbia ulipokiona.

Na bado hilo si kosa kubwa.

Mkeo hakukuuliza kama jiwe ni zuri. Angetaka kusikia hivyo angemuuliza jirani. Kwa miaka tisa alikaa akinakili maneno yako marefu, yenye subira na uangalifu, kuhusu vitu vya watu asiowajua. Alijua ndani yako kuna mtu anayeweza kukitazama kitu kidogo kwa muda mrefu na kusema ukweli wake wote. Akaomba kutazamwa hivyo mara moja tu. Aliomba nusu ukurasa, Mzee Kipimo, ukampa neno moja, tena lile ulilowakataza watoto wa watu.

Ndiyo maana ana adabu. Mtu akishaona kwamba mwenziwe anamhifadhi kama chombo cha kuvunjika, naye huanza kutembea polepole.

Haya sasa, simama. Leo, si Jumamosi. Mpigie simu Mkono Mwepesi umwambie kwamba mwenye jiwe hajui, kwamba ulimdanganya, na kwamba ni la mkeo. Kijana atacheka, nawe utavumilia. Kisha nenda jikoni umwambie mama watoto kwamba ulisema uongo, na umwambie kwa maneno hayo hayo, usitafute mengine ya kuupamba. Kopo la vifungo alifungue yeye. Chukua beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini usiotumika, na nakuomba sana msioshee juu ya sinki, maana tundu la sinki halina mizani. Osheni pamoja, sugueni upande wa chini, kausheni, mkae dirishani na hivyo vifaa vyako vyote vitatu. Yeye atazame kwanza. Mfundishe kuona wekundu na weupe kama unavyowafundisha vijana wako, bila kumnyang'anya kikopo.

Ukimaliza, andika. Nusu ukurasa, kama ya watu. Usifiche doa, usifiche mishale, na usijitetee. Mpe mkononi unyamaze. Atakachoamua kuhusu pete, ampe mjukuu ilivyo, aikatishe upya, airudishe kidoleni, ni chake, nawe hutachangia hoja hata moja mpaka uulizwe.

Kuhusu ahadi yako ya kuniandikia, nakufahamu sasa. Mpe kalamu mwenye mwandiko unaosomeka.

Mshauri wako


BARUA ILIYOTUFIKIA WIKI MBILI BAADAYE

Mpendwa mshauri,

Mwandiko huu ni wangu mimi, mama watoto.

Aliingia jikoni amebeba beseni, uso kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, akasema, "Nilikudanganya kuhusu jiwe." Nikamwambia, "Najua. Weka beseni chini, utamwaga." Safari ya kwa dada nimeiahirisha, dada ameniita mtoto wa kudekezwa, na amesema kweli.

Tuliosha. Maji yalipogeuka rangi tulitazamana, na sikujua nani aone haya, fundi aliyelitukana jiwe au mwenye jiwe aliyelilisha unga miaka yote hiyo. Lile doa jeupe limekwisha, umebaki ukingo mwembamba upande mmoja kama kipande cha kucha. Alinipa kikopo nitazame mwenyewe. Sikuwahi kukishika. Ilinichukua muda kutulia, anasema kila mtu huanza hivyo, halafu nikaiona mishale, sita imenyooka kama wanajeshi, na miwili imekwenda upande.

Nikacheka. Akauliza kwa wasiwasi, "Unacheka nini?"

Nikamwambia, "Hii miwili ni Jumatatu."

Alichukua kikopo akatazama tena, akakaa nacho jichoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mishale miwili.

Ripoti ameiandika. Ni ukurasa mzima, amepitiliza, na nimeinakili kwa sababu mwandiko wake haujapona. Mengi ni pembe na nyuzi, ambayo nayajua kwa moyo. Mstari wa mwisho ndio sikuwahi kuunakili popote, nao unasema: "Kasoro zilizotajwa hapo juu zilitokana na haraka ya mkataji, ambaye siku hiyo alikuwa akimuwahi mtu."

Tulimwita mjukuu wetu, nikamsomea yote. Kasema, "Bibi, mimi nalitaka hivyo hivyo lilivyo." Mkono Mwepesi naye alikuja kusalimia, akalitazama, akasema anaweza kuinyoosha mishale ile bila kulipunguza sana. Babu yao amekaa kimya kama ulivyomwamuru, ila kila akimaliza chai ananiuliza kama nimeamua, nami namwambia, "Ngoja, Kipimo."

Kwa sasa pete ninayo kidoleni, nafikiri. Sijui kama niko tayari kumpa mtu Jumatatu yangu, ikiwa imenyooka au imepinda. Nikishaamua nitakuandikia mimi mwenyewe. Ukimngojea yeye, itakuwa miaka mingine kumi na mmoja.